Maswali ya Wasomaji: Keki Iliyotumbukia, Kadi Zilizopasuka na Blanketi Lisilokwisha

Mfuko wa barua hunona kila sikukuu zinapokaribia, na safari hii nilizimwaga zote juu ya meza ya jikoni nikazisoma moja baada ya nyingine huku chai ikinipoa. Mmoja analia na keki, mwingine na gundi, mwingine na nta, lakini karibu kila barua ilikuwa na mtu aliyefungua, aliyekunja, aliyewasha au aliyemimina kabla ya wakati wake. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Shikamoo Mama. Mwezi huu nimeoka keki tatu za mazoezi, na zote tatu ziliumuka vizuri, kisha zikatumbukia katikati kama bakuli. Ninatumia vikombe viwili vya unga, siagi, sukari, mayai manne na vijiko vitatu vya chai vya beking pauda. Keki ya pili niliiongezea pauda ikafika vijiko vitano, nikidhani haina nguvu, nayo ikatumbukia kuliko ya kwanza. Huwa ninaichungulia kila baada ya dakika kumi ili isiungue. Ninakosea wapi?
— Binti wa Keki Tatu

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua yako ina majibu mawili ndani yake, na umeyaandika mwenyewe bila kujua.

La kwanza ni pauda. Watu wengi hudhani kwamba keki ikikosa kusimama dawa yake ni kuongeza pauda, ilhali kazi ya pauda ni kutoa gesi inayopanua vitundu vya hewa ambavyo tayari vimo ndani ya rojo, vile ulivyovitengeneza ulipokuwa ukichapa siagi na sukari. Gesi ikizidi, vitundu hivyo hupanuka upesi mno, huungana na kupasuka, na keki huwa imekwisha kupanda juu kabla unga na mayai havijashikana vya kutosha kuibeba. Kipimo cha kawaida ni kijiko kimoja cha chai cha pauda kwa kila gramu 120 hivi za unga, kwa hiyo vikombe vyako viwili vinahitaji vijiko viwili, au viwili na nusu ukipenda, wala si vitano. Ukiwa na shaka na pauda yenyewe, tia nusu kijiko katika maji ya moto: ikitoa povu kwa nguvu, ni nzima; ikizama kimya, itupe.

La pili ni mlango. Kila unapoufungua, hewa ya moto hutoka yote kwa mkupuo, na keki ambayo katikati yake bado ni rojo hushuka mara moja na hairudi tena. Keki ya dakika 40 usiifungulie kabla ya dakika 30 kupita. Kama oveni yako ina kioo, chungulia kupitia kioo. Kama haina, vumilia. Wakati ukifika, choma kijiti katikati, si pembeni, kwa sababu pembeni huiva mapema na kijiti kitakudanganya kikitoka kikavu.

Kuna na la tatu, ambalo hukuliuliza, nalo ni vikombe. Unga uliochotwa moja kwa moja mfukoni na kushindiliwa unaweza kufika gramu 150 kwa kikombe, lakini unga huohuo ukijazwa kwa kijiko na kusawazishwa kwa mgongo wa kisu hukaa karibu na gramu 120. Kwa vikombe viwili, tofauti hiyo ni gramu 60, yaani nusu kikombe kizima, na ndiyo sababu keki ya leo na ya jana hazifanani ingawa umefuata maelezo yaleyale. Mizani ndogo ya jikoni itakumalizia ugomvi huo. Na ukiweza kupata kipimajoto cha kuweka ndani ya oveni, kiweke, maana namba iliyoandikwa kwenye swichi si lazima iwe joto lililomo ndani. Mimi nililaumu mayai kwa miaka kabla ya kugundua kwamba oveni yangu ikisema 180 huwa imefika 200.

Ikitumbukia tena siku ya sikukuu yenyewe, usiirudishe motoni ikiwa imeshapoa, kwa kuwa itakauka pembeni bila kuiva katikati. Kata kitovu chake kwa bilauri iliyogeuzwa juu chini, ubaki na pete, ujaze matunda na krimu pale palipokuwa na shimo. Wageni watakuuliza ulijifunza wapi mtindo huo.

Habari za kazi, Dada. Nimeajiriwa, na likizo yangu huanza siku mbili tu kabla ya sikukuu. Mwaka jana nilioka usiku kucha na nikalala mezani wakati wageni wanakula. Je, kuna vitu ninavyoweza kutengeneza mapema bila kuharibika?
— Mama wa Zamu ya Jioni

JIBU: Vipo vingi, na vingine vinapendeza zaidi vikitengenezwa mapema. Keki nzito ya matunda makavu ndiyo ya kwanza. Iokwe kwa moto mdogo, kama nyuzi 150, kwa saa kadhaa, katika chombo kilichotandikwa karatasi ya kuokea mara mbili ili pembeni pasikauke. Ikishapoa kabisa, ifungwe kwenye karatasi na kuwekwa katika kopo lenye kifuniko kinachobana. Wiki nne hadi sita baadaye itakuwa laini na yenye ladha iliyotulia kuliko siku ilipotoka motoni. Neno “kabisa” hapo nimeliweka makusudi, kwa sababu keki ikifungwa ingali vuguvugu hutoa jasho, na jasho hilo ndilo mwanzo wa ukungu.

Keki za kawaida zigandishe zikiwa hazijapambwa. Zizungushie plastiki ya jikoni, kisha zizungushie tena karatasi ya alumini, na zitakaa kwenye friza hata miezi mitatu. Siku ya kuziyeyusha, ziache ndani ya vifungashio vyake mpaka baridi iishe, ili matone ya maji yatulie juu ya plastiki badala ya kulowanisha keki.

Kwa biskuti, usigandishe biskuti, gandisha unga wake. Uviringishe unga uliokandwa uwe kama mche wa sabuni wa mviringo, uufunge, uugandishe, na siku unayotaka ukate vipande vya unene wa nusu sentimita na kuvipeleka motoni vikiwa na baridi yake. Kuna faida ya ziada hapo, kwani siagi baridi huchelewa kuyeyuka na biskuti hubaki na umbo lake badala ya kutandaa kwenye trei kama chapati za maji, jambo ambalo wasomaji wengine wanne wamelilalamikia mwezi huu. Zikishaiva, usizihifadhi katika kopo moja na keki. Unyevu hutoka kwenye keki ukaingia kwenye biskuti, na kesho yake una keki kavu na biskuti zilizolegea.

Siku zako mbili za likizo zibakie kwa krimu, mapambo na usingizi. Mapishi mapya ambayo hujawahi kuyajaribu yasubiri mwaka ujao.

Mpendwa Mshauri, nimeamua kuwapa jamaa zangu zawadi nilizotengeneza kwa mkono wangu. Nimejaza chupa 12 za mafuta ya zeituni, nikatia ndani punje mbichi za kitunguu saumu na vijiti vya rozmari, na zimepangwa kabatini kwa wiki tatu sasa ili ladha iingie. Zinapendeza sana. Nilitaka tu kuuliza juu ya lebo: niandike zitumike ndani ya muda gani?
— Kaka Mtengenezaji

JIBU: Kaka yangu, usizigawe, na wewe mwenyewe usizionje. Ninajua ni maneno magumu kwa mtu aliyekwisha kuchagua utepe.

Kitunguu saumu hukua ardhini, na ardhini huishi bakteria anayeitwa Clostridium botulinum, ambaye mbegu zake huganda kwenye mizizi na mboga bila kudhuru mtu yeyote zikiwa hewani. Ukizizamisha ndani ya mafuta, umezikata na hewa, mahali pasipo na ukali wa asidi, katika joto la chumba, na hayo matatu kwa pamoja ndiyo mazingira ambamo mbegu huamka na kutengeneza sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu na kuweza kuua. Sumu hiyo haileti harufu, wala povu, wala rangi ngeni, kwa hiyo chupa inaweza kupendeza kama unavyosema na bado ikawa na hatari. Kuchemsha maji na kuzisafisha chupa hakuondoi tatizo, maana mbegu zenyewe hustahimili joto la maji yanayochemka. Mafuta ya namna hiyo hutengenezwa kidogo, hukaa kwenye friji, na humalizwa ndani ya siku chache, yaani si kitu cha kufunga utepe na kumpelekea mtu. Yamwage, ukiyafunga vizuri ndani ya takataka mahali ambapo mtoto au mnyama hatayafikia, na chupa uzioshe kwa maji ya moto na sabuni.

Chupa zako 12 zina kazi nyingine. Siki ikitiwa rozmari hustahimili kwa sababu ni kali. Jemu nayo hulindwa na sukari na asidi ya matunda, mradi chupa iwe imeoshwa, ikakaushwa ndani ya oveni kwa nyuzi 140 kwa robo saa, na jemu ikamiminwa ingali ya moto. Lakini kama siku zimekwisha, zawadi ninayoipenda kuliko zote haipikwi kabisa: pima unga, sukari, pauda, chumvi kidogo na vipande vya chokoleti vya biskuti za mara moja, vipange tabaka juu ya tabaka katika chupa yenye mdomo mpana ili rangi zionekane, kisha andika kwenye kadi ndogo ni siagi kiasi gani na mayai mangapi ya kuongeza. Gonga chupa taratibu mezani kila unapomaliza tabaka, la sivyo unga utateremka njiani na mistari yote itachanganyika.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi na ninatengeneza kadi za salamu kwa karatasi nene. Nikizikunja, rangi hupasuka kwenye mkunjo na nyuzi nyeupe huonekana. Tena nikibandika picha kwa gundi, karatasi hujikunyata.
— Mkono Mzito

JIBU: Marahaba. Mkono wako si mzito. Karatasi ya kiwandani ina mwelekeo, kama ubao ulivyo na nyuzi zake, na ukiikunja kinyume cha nyuzi utakuwa unazivunja. Ishike karatasi yako bila kuikunja, uipinde taratibu kwa upande wa urefu, kisha kwa upande wa upana. Upande mmoja utakubali kama mtu aliyeombwa vizuri, na mwingine utakurudisha mkono. Kunja kwa upande uliokubali, hata kama itakulazimu kugeuza mchoro wako wote.

Kabla ya kukunja, weka rula na upitishe kitu butu juu ya mstari, mathalani mgongo wa kisu cha mezani au kalamu iliyokwisha wino, mara mbili au tatu bila kukata. Utaona mfereji upande wa juu na kituta kidogo upande wa chini. Hapa ndipo wengi hukosea: kituta kinatakiwa kiwe ndani ya mkunjo, na mfereji ubaki nje. Inaonekana kinyume, lakini jaribu kwenye kipande cha kutupa uone tofauti.

Kuhusu gundi, ile ya maji hulowesha karatasi, nyuzi huvimba, na zikikauka hazirudi zilivyokuwa. Paka kidogo sana, au tumia gundi kavu ya kijiti, kisha ziweke kadi kati ya karatasi safi chini ya vitabu vizito mpaka asubuhi. Ukizitoa baada ya saa moja kwa kutaka kuziona, zitajikunyata mbele ya macho yako.

Mishumaa ninayoitengeneza huzama karibu na utambi inapopoa, na ikiwashwa huchimba shimo katikati huku nta ya pembeni ikibaki nzima.
— Msomaji wa Siku Nyingi

JIBU: Nta husinyaa inapoganda, na kwa kuwa pembeni hutangulia kuganda, katikati huvutwa chini. Usimimine nta yote. Bakiza kidogo, subiri uso ushike, toboa matundu mawili matatu kandokando ya utambi, kisha umimine iliyobaki. Lile shimo la kuchimba hutokana ama na utambi mwembamba kuliko chombo, ama na mshumaa kuzimwa mapema mno mara ya kwanza. Mara ya kwanza uache uwake mpaka nta iyeyuke kufika ukingoni, na mweleze hivyo unayempa zawadi.

Hukuuliza juu ya moto, lakini nitasema. Nta iyeyushwe katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji, na wewe uwe hapohapo. Ikishika moto, zima jiko na ufunike kwa kifuniko. Maji usiyamwagie kamwe, maana hugeuka mvuke ghafla na kuirusha nta inayowaka chumba kizima.

Mama, mapambo ya unga wa chumvi niliyofinyanga na watoto wangu yamevimba na kupasuka ndani ya oveni. Nifanyeje? Tena tuna mbwa anayezunguka meza kwa hamu kubwa.
— Mama wa Wawili

JIBU: Umeyaoka, wakati yalitaka kukaushwa tu. Sehemu mbili za unga, moja ya chumvi na kama moja ya maji, yakandwe vizuri, yasukumwe kwa unene wa nusu sentimita, yatobolewe tundu la uzi kwa mrija yangali mabichi, kisha yakae kwenye nyuzi 100 kwa saa mbili hadi tatu huku ukiyageuza. Rangi ipakwe siku inayofuata. Mbwa mfungie nje wakati wa kazi na mapambo yatundike juu, kwa sababu chumvi iliyomo katika mapambo machache tu inaweza kumpa mbwa sumu kali.

Dada Mshauri, ninaipenda sana kazi ya mikono ya mke wangu, lakini tangu wiki tatu zilizopita meza yetu ya kulia imejaa karatasi, pamba, nyuzi na mkasi mmoja uliowahi kuingia kwenye mchuzi. Tunakula tukiwa tumeshika sahani mkononi. Nimwambie nini nisije nikaonekana ninaidharau kazi yake?
— Baba Asiye na Meza

JIBU: Usimwambie kitu, mletee trei tatu kubwa. Kila kazi iwe na trei yake, na saa ya chakula ikifika trei inyanyuliwe juu ya kabati ikiwa na kila kitu kilichomo, hata kipande kilichokatwa nusu, bila kupanga wala kukunja. Kinachomfanya mtu aache vitu mezani si uvivu, ni hofu ya kupoteza alipofikia. Kuzinyanyua trei na kuzirudisha iwe kazi yako wewe. Na mkasi wa karatasi ufungwe kitambaa chekundu ili mkono usiuchukue kwa kazi ya jikoni, wala wa jikoni kwa kazi ya karatasi.

Mwanangu, mimi ni bibi wa wajukuu watano. Nimekuwa nikimfumia mdogo wao blanketi la kroshia, na zimebaki siku 11. Nimemaliza safu 60 na maelezo yanataka safu 150. Nimeanza kufuma mpaka usiku wa manane na vidole vinaniuma. Sasa naona blanketi linaanza kuwa jembamba kwa juu, na idadi ya vishimo haijapungua. Ni macho yangu?
— Bibi wa Kulabu

JIBU: Shikamoo Bibi. Si macho yako, ni mkono. Mtu akifuma kwa haraka na kwa uchovu, huvuta uzi kwa nguvu bila kujijua, na kila kitanzi huwa kidogo kuliko kilichotangulia. Idadi inabaki ileile, upana unapungua. Pima safu ya 20 na safu ya 60 kwa utepe wa cherehani, nawe utaona imeanzia wapi.

Kabla hujafumua chochote, chukua saa ufume safu moja kwa mwendo wako wa mchana, ule wa kuongea na watu. Tuseme imekuchukua dakika 14. Safu 90 zilizobaki ni dakika 1,260, yaani saa 21, na kwa siku 11 ni karibu saa mbili kila siku bila kukosa hata siku moja, wakati nyumba imejaa unga, wageni na watoto. Mimi nisingekubali mkataba huo.

Fumua mpaka pale upana ulipoanza kupungua, hata kama ni safu kumi au kumi na tano. Inauma, ninajua. Kisha panga upya: kama mjukuu ni mdogo, blanketi la kumfunika miguuni halihitaji safu 150, na ukifika safu ya 70 kwa mkono uliotulia utakuwa na kitu kamili. Bakiza jioni mbili kwa ajili ya ukingo mmoja kuzunguka pande zote nne, kwa sababu ukingo ndio unaolifanya lionekane lilikusudiwa kuwa hivyo, na kwa ajili ya kuficha ncha za nyuzi. Ncha hizo zipitishe kwa sindano ndani ya vishimo kwenda, kisha kurudi kinyume, sentimita tano hivi kila upande. Zikikatwa fupi zitachomoka mara ya kwanza litakapofuliwa. Likishakamilika lilowanishe kidogo, ulitandaze juu ya taulo, uzinyooshe pembe kwa viganja, na uliache hapo mpaka likauke lenyewe.